Maoni Yetu: Ukimpokea wa fildi, mpokee kweli

Kila Julai ikiingia, milango ya ofisi zetu hugongwa na vijana wenye bahasha za kaki. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo inayomwomba mwajiri ampokee mwanafunzi kwa wiki nane hivi za mafunzo kwa vitendo. Wenyewe wanayaita fildi. Wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanasema PT. Barua hupigwa mhuri masijala, hupandishwa ghorofani kwa bosi, kisha hushuka ikiwa na neno moja pembeni kwa kalamu ya bluu: "Apokewe." Katika ofisi nyingi mno, hakuna anayejua nini kifuate baada ya hapo.

Leo tunazungumzia neno hilo moja. Aliyeliandika amejifunga. Kwa wiki nane amechukua dhamana ya mwili wa kijana, muda wake na heshima yake, awe anamlipa au hamlipi. Asiyeweza kuibeba dhamana hiyo aandike "Hatuna nafasi." Hilo nalo ni jibu la kiungwana, na kijana atapata muda wa kwenda kugonga mlango mwingine.

Tuanze na mwili, maana mengine yote yanarekebishika.

Fundi wa miaka kumi anajua jinsi mashine ya kerezo inavyoweza kukamata mkono wa shati. Anajua ngazi ipi ina kipago kilicholegea na waya upi haushikwi hata kama umeme umezimwa. Mwanafunzi hajui. Ndiye mgeni kuliko wote pale karakana, na mara nyingi ndiye asiyethubutu kuuliza, kwa sababu anaogopa kuonekana mjinga mbele ya watu watakaompa alama. Ukiunganisha ugeni na woga, umeshatengeneza ajali. Inasubiri siku tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa Serikali, OSHA, imemwekea mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Wapo mameneja wanaojifariji kwamba mwanafunzi hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo habari za usalama wake ni za chuo. Mashine ya kerezo haijawahi kusoma orodha ya wafanyakazi.

Kinachotakiwa si kikubwa. Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hajagusa kitu, mwanafunzi azungushwe eneo zima na mtu anayelijua. Aonyeshwe mlango wa dharura, kizimamoto kilipo, mahali pa kukusanyika moto ukizuka, na namba ya kupiga akiumia. Aambiwe wazi mashine ambazo haruhusiwi kuziwasha bila fundi kusimama karibu. Apewe vifaa kinga vinavyomtosha, si kofia ngumu iliyopasuka ambayo wenzake wameikataa. Na kama kampuni haina buti za ziada, isimpeleke saiti. Tumesikia vijana wanaoambiwa wajinunulie buti zao wenyewe. Mtu anayehesabu nauli ya kurudi nyumbani atazitoa wapi? Ataingia saiti na raba, na nyote mtajifanya hamkuona.

Hospitali zina hatari yake isiyopiga kelele. Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari akichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kumkinga na VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Sasa jiulize: mwanafunzi wa wiki ya pili, aliyeambiwa jana tu kuwa hana umakini, atakwenda kuripoti kwa nani? Kama hakuna aliyemweleza mapema, atanawa mikono, atanyamaza, na atakesha siku tatu akihesabu saa. Kumweleza kunachukua dakika mbili.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayependa kulisikia: akivunjika mkono, nani analipa? Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake, WCF. Lakini mchango wa mwajiri kwenye Mfuko hukokotolewa kutokana na mishahara, na huyu hana mshahara. Kadi ya bima ya afya, kama anayo, itatibu jeraha. Haitamlipa kwa kidole kisichorudi. Kenya, waajiri wengi hawampokei mwanafunzi wa atachimenti bila kuona karatasi ya bima ya ajali. Hapa kwetu jambo hili huachwa hewani hadi siku ya siku, ndipo chuo kinasema yuko kwa mwajiri, mwajiri anasema ni wa chuo, na mzazi anauza ng'ombe. Jibu liandikwe kabla ya siku ya kwanza, ndani ya barua ileile ya kumpokea. Kama chuo ndicho chenye bima, mwajiri aombe nakala. Kama hakuna mwenye bima, wakae wakubaliane nani atakata. Bima ya ajali ya wiki nane si mzigo wa kuishinda kampuni yenye magari mapya kwenye maegesho.

Sasa tuje kwenye muda wake, ambao ndio hasa uliomleta.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ofisi zetu zimeisoma methali hiyo kwa mtindo wake: jembe linatolewa siku ya kwanza, ila shamba hataonyeshwa. Mwanafunzi wa uhasibu anatoa fotokopi. Wa sheria anabeba mafaili kutoka masijala kwenda ghorofa ya tatu. Wa teknolojia ya habari ndiye wa kubadilisha wino wa printa na kumwekea bosi picha mpya ya WhatsApp. Saa nne anatumwa chapati, saa saba anatumwa chipsi, saa tisa ameegemea ukuta anachezea simu kwa sababu hakuna aliyemkumbuka.

Tusitiwe maneno mdomoni. Kutoa fotokopi si dhambi, na kijana anayeona kazi ndogo ni ya kumdhalilisha hatafika mbali kwenye ofisi yoyote. Kila aliyewahi kuajiriwa aliwahi kupanga mafaili. Kosa ni pale fotokopi inapokuwa ndiyo fildi yenyewe, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nane. Mwanafunzi wa uhasibu aliyepanga hati za malipo wiki nzima amejifunza kitu, kama kuna mtu aliyekaa naye nusu saa akamweleza kwa nini hati hii ilirudishwa na ile ikapita. Hiyo nusu saa ndiyo anayoidai, na haidai kwa jeuri: chuo kimemtuma kuja kuichukua.

Ndiyo maana tunasema msimamizi lazima awe mtu mmoja mwenye jina, si "idara." Mwanafunzi wa idara nzima hana mwenyewe, kila mtu anamtuma na hakuna anayemfundisha. Msimamizi achaguliwe kabla mwanafunzi hajafika, aulizwe kama anaweza, na apunguziwe kazi nyingine kidogo ili aweze kweli. Akienda likizo katikati, aache jina la mwingine. Meneja anayemtwisha mhandisi wake wanafunzi sita juu ya kazi zake za kawaida, kisha akajisifu kwenye mkutano kwamba kampuni yake "inalea vijana," amejisifia jasho la mtu mwingine.

Tuna neno pia kuhusu kile kitabu wanachokiita logibuku. Mwanafunzi anatakiwa kuandika kila siku alichofanya, na msimamizi athibitishe kwa saini, kwa kawaida kila wiki. Wote waliopita chuo wanajua kinachotokea. Wiki ya nane, Alhamisi jioni, mwanafunzi anakaa kitandani na kalamu tatu za rangi tofauti anatunga siku arobaini. Ijumaa asubuhi msimamizi anasaini kurasa zote bila kufungua hata mbili, anapiga mhuri, anamtakia heri. Kijana anaondoka na alama 85 kutoka kwa mtu asiyejua jina lake la pili.

Watu wanacheka wanaposimulia hayo. Sisi hatucheki. Kijana wa miaka 22 amefundishwa, na ofisi yenye mhuri, kwamba kumbukumbu ya kazi ni kitu cha kutunga na saini ni kitu cha kuomba. Mwakani huyohuyo atakuwa mkaguzi wa hesabu, mhandisi wa kupitisha ubora wa nondo, mfamasia wa kuhesabu akiba ya dawa. Tutamwuliza uadilifu wake uko wapi. Alama za fildi zinaingia kwenye matokeo yake ya chuo. Mwajiri anayezigawa kama peremende anawadhulumu pia wale wachache waliofanya kazi kweli. Dakika kumi na tano kila Ijumaa, kitabu kikiwa wazi mezani: umefanya nini, umekwama wapi, wiki ijayo utafanya nini. Kama hakufanya kitu, iandikwe kwamba hakufanya kitu. Na kama sababu ni kwamba hakupewa kazi, hiyo nayo iandikwe.

Kuhusu pesa tutasema kwa ufupi. Hatudai mwanafunzi alipwe mshahara. Wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo wana fungu la mafunzo kwa vitendo, na kiwango kilichozoeleka kwenye miongozo ya Bodi ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Lakini si wote wanaokopeshwa, na si kila anayekopeshwa hupewa kiwango chote. Anayetoka Mbagala kwenda kiwandani upande wa pili wa jiji, daladala mbili asubuhi na mbili jioni, anafika mezani kwako akiwa ameshakata fungu la chakula. Mwajiri mwenye kantini amruhusu ale na wenzake. Mwenye basi la wafanyakazi amwachie kiti. Mwenye uwezo wa posho ya nauli aitoe bila kujitangaza. Na ofisi inayomtoza mwanafunzi ada ya kufanyia fildi itoe risiti na iseme ada hiyo inalipia nini. Kama inalipia mafunzo, basi mafunzo yaonekane.

Kinachotukera zaidi ni mwajiri anayemtegemea mwanafunzi kuziba pengo la mfanyakazi. Tunawajua: mwezi wa saba wanaruhusu watu wao likizo kwa mkupuo kwa sababu "watoto wa fildi wapo." Kijana anakaa mapokezi saa kumi kwa siku, anahudumia wateja, anafunga mahesabu, anarudi chuoni akiwa amechoka kama mwajiriwa na mkononi hana hata asante. Wengine huambiwa, wiki nane zikiisha, "endelea kujitolea, nafasi zinakuja." Miezi inapita. Wanaofanya hivyo wakumbuke kuwa kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa kwa kutazama mambo kama nani anayemwelekeza kazi na nani anayempangia saa, si kwa jina alilobandikwa. Hatusemi kila wa fildi ni mwajiriwa. Tunasema neno "anajitolea" lisiwe kichaka.

Na sasa lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Msichana wa mwaka wa pili yuko mji asioujua, na bosi wa makamo ndiye mwenye alama zake, barua yake na ahadi ya ajira. Anaambiwa ripoti yake itasainiwa jioni, nje ya ofisi. Wavulana nao si kwamba wamesalimika wote. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaliita jambo hilo kosa la jinai: mwenye mamlaka kutumia mamlaka yake kudai ngono. TAKUKURU inapokea taarifa bure kwa namba 113. Lakini mwajiri asingoje TAKUKURU. Siku ya kwanza, katika mzunguko uleule wa kuonyeshana vizimamoto, mwanafunzi atajiwe mtu wa pili, tofauti na msimamizi wake, anayeweza kumwendea. Na wafanyakazi wote waambiwe, mwanafunzi akisikia, kwamba saini za ripoti hutolewa ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Sentensi hiyo moja ikitamkwa na mkurugenzi mwenyewe ina nguvu kuliko bango lolote ukutani.

Waajiri wana hoja zao na baadhi zina uzito. Wanasema tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023, kwa hiyo wamekwishachangia kufundisha. Ni kweli wanalipa. Wanayo haki ya kuuliza fedha hiyo inarudije kwa wanaofungua milango yao, na tungependa kuona Serikali ikimpunguzia kidogo mwajiri anayepokea wanafunzi na kuwasimamia kwa ushahidi. Hoja hiyo waipeleke kwa Waziri wa Fedha. Wasiimalizie kwa kijana aliyesimama mapokezi.

Wanasema pia wanafunzi huvujisha siri. Basi mwanafunzi asainishwe ahadi ya kutunza siri, aelezwe nini hakipigwi picha, na asipewe nywila ya mtu mwingine. Ofisi inayompa mwanafunzi nywila ya mhasibu "ili asaidie kidogo" isilalamike kuhusu siri.

Wanasema vyuo vinatupa watoto na kutoweka. Hapo tunawaunga mkono bila kusita. Mhadhiri anayefika mara moja, anapiga picha na mwanafunzi getini na kuendelea na safari ya kituo kingine, hajasimamia kitu. Anayesimamia kwa simu ndiyo kabisa. Chuo kiseme kwenye barua mwanafunzi amesoma nini na anatakiwa kujifunza nini. Barua inayosema tu "apatiwe mafunzo yanayohusiana na kozi yake" haimsaidii mhandisi wa kiwanda cha saruji. Serikali nayo ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo ya utarajali mwaka 2017, lakini ule unawalenga hasa wahitimu. Huyu ambaye bado yuko chuoni anahitaji karatasi yake: ukurasa mmoja, wenye jina la msimamizi, bima, saa za kazi na malengo, unaosainiwa na pande tatu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Ofisi ya Waziri Mkuu wanaweza kuutoa kabla ya msimu ujao. Haihitaji semina Dodoma.

Ni haki tuseme na la kwetu. Chumba hiki cha habari hupokea wanafunzi wa uandishi kila mwaka. Si muda mrefu uliopita tulikuwa na mmoja aliyekaa wiki tano akichapa upya taarifa za vyombo vya habari zilizoletwa kwa karatasi. Wiki ya sita mhariri wa zamu alikosa mwandishi, akamtuma sokoni akaulize bei ya unga. Alirudi na habari iliyotoka ukurasa wa tatu, yenye majina, bei za magunia na maneno ya wachuuzi yenyewe. Wiki tano uwezo ule ulikuwa umekaa mita nne kutoka meza ya mhariri na hakuna aliyeuliza. Tulimwomba radhi. Tangu hapo kila anayekuja hapa hukabidhiwa kwa mwandishi mmoja, na siku ya pili yuko nje na daftari. Bado tunakosea; wiki za bajeti huwa tunamsahau mtu.

Msimu wa bahasha za kaki unarudi. Mkurugenzi, barua ikifika mezani kwako na mkono ukashika kalamu ya bluu kuandika "Apokewe," usiishie hapo. Ongeza jina la atakayemsimamia, kisha mwite huyo mtu umwulize kama anaweza.